Joto la Ardhi na Minyoo Rafiki wa Mkulima: Hoja kwa Ajili ya Nyanda za Juu za Kasulu na Kibondo

Wataalamu wanapozungumza juu ya kupambana na wadudu waharibifu kwa kuwatumia maadui wao wa asili, aghalabu hutanguliza swali moja, nalo ni kiumbe gani humuua mdudu fulani upesi kuliko wenziwe. Na majibu hutafutwa katika maabara, ndani ya visahani vya kioo, katika joto ambalo mchunguzi amelichagua yeye mwenyewe na kulituliza kwa mashine usiku na mchana. Swali hilo ni halali na majibu yake yana faida, lakini hayamtoshi mkulima wa Rungwe Mpya wilayani Kasulu, wala mwenziwe wa Kibondo, kwa kuwa shamba lake halina mashine ya kulituliza joto, na kiumbe anayeletewa awe msaidizi wake ni mnyoo asiye na harara yake mwenyewe mwilini, ambaye mwendo wake, ukali wake, uzazi wake na urefu wa maisha yake vyote hufuata joto la udongo uliomzunguka. Nadai katika makala haya kwamba joto la udongo, likipimwa katika kina anachokaa mdudu na katika majira anayokaa hapo, ndilo jambo la kwanza kujulikana, na kwamba uchaguzi wa mnyoo, na wa zao la kuanzia, na wa saa ya kumwaga, sharti ufuate baada yake. Mpango unaoanza kwa kununua minyoo na kumalizia kwa kupima joto, au usiopima kabisa, humpa mkulima bahati nasibu mahali pa elimu.

Yafaa kwanza niondoe hofu moja ambayo ina haki ya kuwapo. Mkulima wa tumbaku, nyanya au bamia huwajua minyoo fundo, wale waingiao katika mizizi na kuitia vinundu hadi mmea ukadumaa, na kwake yeye mnyoo wa udongo ni adui tu. Ninaowazungumzia hapa ni wa koo nyingine, hasa koo mbili ziitwazo Steinernema na Heterorhabditis, ambao mmea hawaugusi kabisa, na riziki yao yote hutoka katika miili ya wadudu. Ni wadogo mno, urefu wao ukiwa chini ya milimita moja au ukiizidi kidogo tu, na wale watembeao udongoni kutafuta windo ni watoto wa daraja la tatu ambao wamefunga vinywa, hawali kitu, na huishi kwa akiba ya mafuta waliyotoka nayo. Mnyoo wa namna hii humwingia mdudu kwa kinywa, au kwa njia ya haja, au kwa matundu ya pumzi yaliyo ubavuni, na wale wa Heterorhabditis wana jino la kuweza kutoboa hata ngozi iliyo laini. Kisha huwaachilia ndani ya damu ya mdudu bakteria anaowabeba tumboni, Xenorhabdus kwa koo ya kwanza na Photorhabdus kwa ya pili, na hao ndio wauaji wenyewe, kwani humaliza kazi kwa siku moja au mbili hali ya joto ikiwaridhisha. Baada ya hapo mnyoo hula na kuzaa ndani ya mzoga, na kizazi kipya, ambacho katika buu mkubwa huweza kuhesabiwa kwa makumi ya maelfu, hutoka kutafuta windo jingine. Elimu hii si ya jana: Steiner alimwandika mnyoo wa kwanza wa koo ya Steinernema mwaka 1923, na mwaka 1929 Rudolf Glaser alimkuta mwingine katika mbawakavu wa Kijapani huko New Jersey, akawa mtu wa mwanzo kujaribu kuwatumia shambani kwa makusudi.

Bakteria hao wana tabia moja inayohusu maudhui yetu moja kwa moja, nayo ni kwamba aghalabu hawastawi katika joto la mwili wa binadamu. Hiyo ni mojawapo ya sababu za kumfanya mtu aweze kumwaga minyoo hii kwa mikono mitupu, mbele ya watoto na mifugo, pasipo taklifu ya vifaa vya kujikinga ambavyo mkulima wa kijijini hana. Joto, basi, ndilo mpaka wa kazi ya viumbe hawa na ndilo pia mpaka wa salama yetu.

Burhani kubwa ya jambo hili ilitolewa mwaka 1994 na Grewal, Selvan na Gaugler, ambao waliwachunguza minyoo wa namna na makabila kumi na mawili kutoka pande mbalimbali za dunia na kupima ni katika joto gani kila mmoja huweza kumwingia mdudu, na katika joto gani huweza kuzaa ndani yake. Walimkuta Steinernema feltiae, ambaye ni kiumbe wa nchi za baridi, akiwaingia wadudu kuanzia digrii 8 za Selsiasi hadi 30, ilhali Steinernema riobrave, aliyepatikana katika bonde la Rio Grande kule Texas, alifanya kazi hiyo kuanzia digrii 10 hadi 39. Lakini walipotazama uzazi, mipaka ilisogeleana sana: feltiae alizaa kati ya digrii 10 na 25 tu, riobrave kati ya 20 na 35, Steinernema carpocapsae, ambaye huuzwa kwa wingi madukani Ulaya na Marekani, kati ya 20 na 30, na Steinernema glaseri, aliye na upana kuliko wote, kati ya 12 na 32.

Tofauti hii baina ya joto la kuua na joto la kuzaa haijapewa uzito unaostahili katika mipango ya kwetu, nami naiona kuwa kiini cha mas'ala yote. Mnyoo anayeua asizae ni dawa kama dawa nyingine, ambayo lazima inunuliwe tena msimu ujao. Na kipimo kinachopendekezwa kwa kawaida, ambacho ni minyoo kama bilioni 2.5 kwa hekta moja, si jambo la mkulima wa ekari mbili kulimudu kila mwaka kwa mfuko wake. Mnyoo anayeua na kuzaa ni rasilimali iliyowekwa ardhini. Kwa tajiri mwenye vitalu vya maua chini ya paa la plastiki tofauti hiyo huenda ni ndogo, lakini kwa mtu wa Kasulu ndiyo inayoamua kama elimu hii ni yake au ni ya wengine. Kwa hiyo, anapokuja mtu na mnyoo wake akisema kwamba huua katika digrii 35, swali la kumwuliza ni je, mnyoo huyo huacha watoto katika joto gani?

Natija nyingine ya uchunguzi ule inapinga usemi ambao umekuwa mtamu vinywani mwa watu wengi, yaani kwamba kiumbe mwenyeji ni bora siku zote kwa kuwa amezoea mahali pake. Grewal na wenziwe waliona kwamba minyoo wa namna moja, hata wakichukuliwa katika nchi zilizo mbali mbali, walikuwa na mipaka ya joto iliyokaribiana. Tofauti kubwa zilikuwa baina ya namna moja na nyingine. Maana yake ni kwamba kumchukua carpocapsae kutoka mlima wa karibu badala ya carpocapsae kutoka ng'ambo hakutoshi peke yake kutuhakikishia kwamba ataafikiana na joto letu. Uenyeji unatusaidia pale unapotupa namna mpya ambazo hazikuwapo madukani, zilizozaliwa na kukua katika udongo wa nchi hizi. Na hizo zipo. Steinernema karii aliandikwa mwaka 1997 kutoka nyanda za kati za Kenya. Steinernema yirgalemense alitokea Ethiopia. Na kwetu Tanzania, mwaka 2017, aliandikwa Steinernema pwaniensis, aliyepewa jina la mkoa wa Pwani alikopatikana. Huyu wa mwisho ni fahari yetu, lakini ni mtoto wa nchi ya chini na ya joto, na sioni sababu ya kumdhania kuwa atafurahia milima ya Kasulu na Kibondo kwa sababu tu pasipoti yake ni ya Tanzania.

Tuitazame basi ardhi yenyewe. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita 773 juu ya usawa wa bahari, na mtu atokaye mwaloni Kigoma akipanda kuelekea Kasulu hujikuta baada ya saa chache katika nchi ya mita 1,200 na zaidi, ambako michikichi hupungua na migomba, maharage, mahindi na kahawa hushika mahali pake. Ikiwa hewa hupungua joto kwa digrii sita hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, basi safari hiyo fupi pekee huondoa digrii mbili na nusu au zaidi, na kuiacha nyanda ya juu na wastani wa mwaka ulio karibu na digrii 20 na kitu. Kwa kutazama wastani huo peke yake mtu angesema kwamba nchi hii ni pepo ya minyoo, na kwamba hapana haja ya makala haya, kwa kuwa karibu kila mnyoo niliyemtaja angeweza kuishi humo. Wastani, hata hivyo, ni hesabu ya karatasi. Mnyoo hakai ndani ya wastani. Hukaa katika sentimita chache za udongo, na huko, katika tuta lililolimwa na kuachwa wazi mwezi wa Septemba au Oktoba, baada ya nyasi kuchomwa na kabla ya mvua kushika, jua la mchana huweza kuupandisha uso wa ardhi kupita digrii 40, ambazo ni mauti kwa takribani wote. Usiku wake ardhi ile ile hupoa kwa kasi. Sentimita kumi na tano chini yake mambo ni mengine, kwani udongo hupokea joto taratibu na kuliachia taratibu, na tofauti ya mchana na usiku hupungua sana. Na hatua hamsini kutoka hapo, chini ya migomba iliyoizunguka nyumba, penye matandazo ya majani makavu na kivuli cha daima, hata uso wa ardhi hubaki na upole mwaka mzima.

Yaani ndani ya kata moja, na pengine ndani ya boma la mtu mmoja, mna tabia mbili za nchi zilizo mbali kama Pwani na Milima ya Usambara. Feltiae angeweza kuishi na kuzaa chini ya migomba, akafa kabla ya adhuhuri katika tuta la wazi. Riobrave angestahimili tuta, lakini chini ya kivuli, katika baridi ya Juni na Julai, angekuwa ukingoni mwa uwezo wake wa kuzaa. Kwa sababu hiyo naona kosa lililo kubwa kuliko yote ni kuuandika mpango mmoja wa mkoa mzima, kama kwamba Kigoma ni joto moja.

Na hapo ndipo napata ujasiri wa kusema kwamba kazi hii ianzie katika migomba wala isianzie katika mahindi, ingawa najua kwamba kilio cha watu kwa sasa ni cha mahindi. Adui wa mgomba ni fukusi, ambaye kitaalamu huitwa Cosmopolites sordidus, na mabuu wake hutoboa kitako cha mgomba hadi upepo ukauangusha pamoja na mkungu wake. Fukusi huyu hupungua sana katika nchi zilizopita mita 1,600 hivi, kwa kuwa baridi humchelewesha kukua. Lakini Kasulu na Kibondo kwa sehemu kubwa ziko chini ya kimo hicho. Mwaka 2011 ilichapishwa taarifa ya kwanza ya minyoo wa aina hii kupatikana katika udongo wa Tanzania, kazi iliyowahusisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, nao hawakuishia kuwatafuta tu bali waliwajaribu juu ya fukusi huyu huyu, mabuu wake na wakubwa wake. Taabu iliyopo ni kwamba buu amejificha ndani ya kitako, na huko Australia, mwanzoni mwa miaka ya 1990, watafiti waliikabili taabu hiyo kwa kukata tundu katika vitako vya migomba iliyokwisha kuvunwa na kumimina minyoo humo, ili fukusi anayevutwa na harufu ya jeraha aje mwenyewe. Tundu hilo ni mahali penye unyevu, pamekingwa na jua, na joto lake halina ghasia. Sijui mahali pengine katika kilimo chetu ambapo masharti yote ya mnyoo hukutana kwa gharama ndogo namna hiyo.

Mahindi nayo yana kisa chake. Viwavijeshi vamizi waliotokea Amerika walionekana Afrika ya Magharibi mwaka 2016 na kufika Tanzania mwaka 2017, na huyu ni mdudu apendaye joto, akikua kwa upesi zaidi kati ya digrii 26 na 30. Hukaa ndani ya moyo wa mhindi, juu ya ardhi, mahali ambapo mnyoo angekauka kwa muda mfupi; kwa hiyo watafiti waliofanya kazi Rwanda, nchi iliyoanzisha kiwanda cha kuzalisha minyoo hii huko Rubona, waliwachanganya minyoo na ute mzito unaoshika maji, wakauweka moyoni mwa mhindi, na mazao yakakingika kwa kiwango cha kulinganishwa na dawa ya kemikali. Hilo ni jambo la kutia moyo kwa jirani aliye upande wa pili wa Burundi. Lakini nasisitiza kwamba Rubona iko juu kuliko sehemu kubwa ya Kasulu, na kwamba ute huzuia ukavu, haulizuii joto. Aletaye katika mahindi yetu kile kilichofaulu kule pasipo kupima tena atakuwa ameiga tendo akaacha sababu.

Tunao mfano wa karibu wa hatari hiyo. Mwaka 1993 taasisi ya utafiti wa wadudu ya ICIPE ilimwachilia katika pwani ya Kenya nyigu mdogo aitwaye Cotesia flavipes, aliyeletwa kutoka Pakistan, ili apambane na bungua wa mahindi wa nchi za chini, Chilo partellus, naye alifanya kazi njema. Katika nyanda za juu, hata hivyo, bungua mkuu ni mwingine, Busseola fusca, ambaye damu yake humzonga na kumwua mtoto wa nyigu huyo. Na hata nyigu mwenyeji, Cotesia sesamiae, ana makabila mawili, la bara linalomweza Busseola na la pwani lisilomweza. Nyigu si minyoo, na sababu pale haikuwa joto peke yake. Lakini fundisho la kimo cha ardhi limekwisha kuandikwa Afrika Mashariki, nasi hatuna udhuru wa kulisahau.

Katika hoja za joto iko moja ambayo husahauliwa kwa sababu haimo shambani, nayo ni ya njiani. Mnyoo mtafuta windo hali, na akiba yake ya mafuta huungua kwa kasi kadiri joto linavyopanda. Chupa iliyokaa siku mbili katika gari lililoegeshwa juani Tabora hufika Kasulu ikiwa imejaa viumbe wanaotikisika kidogo lakini hawana nguvu ya kumwingia hata kiwavi mmoja. Kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200. Wala jokofu si jawabu la kila hali, kwani wengi wa Steinernema huhifadhika vyema kati ya digrii 4 na 10, ilhali Heterorhabditis indica, mtoto wa nchi za joto, hudhurika katika baridi hiyo na hutaka kitu kama digrii 15. Muuzaji asiyejua ameshika mnyoo yupi atamwua kwa kumtunza. Hii ni sababu ya nguvu ya kuwazalisha karibu na mashamba, na ina uzito kuliko fahari yoyote ya kujitegemea.

Patakuwapo wa kusema kwamba haya yote ni magumu, na kwamba dawa ya kemikali haiulizi joto. Hasha. Dawa za jamii ya pairethroidi, ambazo asili ya elimu yake ni ua la pareto linalolimwa Iringa na Mbeya, kwa wadudu wengi hupungua makali hewa inapozidi kuwa ya joto, kinyume cha inavyodhaniwa. Na mkulima apulizaye adhuhuri hupoteza fedha yake pasipo kujua. Tofauti ni kwamba dawa ikishindwa, huzidishwa kipimo. Mnyoo akishindwa, hutupwa kabisa na kusemwa kuwa ni uzushi wa wataalamu. Kwa hiyo ni wajibu wa sisi tunaomtetea kutompeleka mahali ambapo joto limekwisha kumhukumu.

Kazi ya kwanza ninayoipendekeza haihitaji kiwanda. Ni vipimajoto vya udongo, viwekwe katika kina cha sentimita 5 na 15, chini ya migomba na katika matuta ya wazi, visomwe alfajiri na alasiri kwa mwaka mzima, katika shule za kata na mashamba ya mfano, na daftari zake zihifadhiwe na maafisa ugani. Ya pili ni kuwatafuta minyoo wenyewe. Njia yake inajulikana tangu Bedding na Akhurst walipoieleza mwaka 1975: huchukuliwa udongo mbichi, ukatiwa koponi pamoja na mabuu wa nondo wa nta, na baada ya siku chache mabuu waliokufa wakawa na rangi ya kahawia au nyekundu huwekwa penye maji kidogo ili minyoo watoke. Nondo huyo ndiye Galleria mellonella, ambaye warina asali wa Kibondo na Kasulu humfahamu vizuri, kwa kuwa ndiye anayekula masega katika mizinga iliyohamwa na nyuki. Wanachokitupa wao kwa uchungu ndicho chambo ambacho maabara za ng'ambo hukifuga kwa gharama. Makopo hayo yasiwekwe yote katika joto moja, kama ilivyo desturi ya kufanya, bali yawe katika makundi matatu, la digrii 18, la 24 na la 30, kwa kuwa atafutaye katika digrii 25 pekee atawakuta wale wapendao digrii 25, na kuwaacha udongoni wale ambao tuta la Oktoba au kivuli cha Julai kingewahitaji. Daftari la vipimajoto na orodha ya minyoo vikiwekwa mezani pamoja, ndipo maombi ya kibali kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu yaandikwe, yakitaja mnyoo, zao, kina na mwezi.